Asili na Nakala: Historia ya Madaftari ya Shehena katika Bandari ya Mombasa

Kontena linaposhushwa kutoka merikebuni katika gati za Kipevu, upande wa Changamwe, huwa ni chombo kimoja cha chuma chenye nambari moja ubavuni, lakini habari zake huwa zimekwisha kuandikwa katika madaftari mengi: la mwenye meli, la Halmashauri ya Bandari, la forodha, la wakala, la bohari ya nje itakayolipokea, na, ikiwa mzigo ni wa Uganda au Rwanda, daftari la forodha ya nchi hiyo pia. Madaftari hayo leo si ya karatasi. Ni hifadhidata zilizotengenezwa na mafundi mbalimbali, katika nchi mbalimbali, kwa kanuni zisizofanana. Na kazi ya kuhakikisha kwamba neno lililobadilishwa katika moja linabadilika katika nyingine zote, bila kuchelewa wala kupotoka, ndiyo inayoitwa kunakili data kati ya mifumo. Watu wengi hudhani kazi hiyo ilizaliwa pamoja na kompyuta. Haikuzaliwa nazo. Ni kazi kongwe ya pwani hii, na inafaa kuifuata toka ilikotoka, kwa sababu masaibu ya madereva wanaopiga foleni katika barabara ya Magongo hayafahamiki kwa kuitazama mashine peke yake.

Forodha ya Sultani, 1837 hadi 1895

Baada ya Sayyid Said kuitia Mombasa mkononi mwake mwaka 1837, ushuru wa bandari za pwani haukukusanywa na dola yenyewe, bali ulikodishwa kwa tajiri wa Kihindi aliyekaa Unguja, naye kwa miaka mingi alikuwa Jairam Shivji, aliyeweka mawakala wake bandarini na kumlipa Sultani kiasi kilichopatanwa, biashara iwe imenona au imekonda. Mpango huo una maana kubwa katika habari yetu. Sultani hakuwa na haja ya kujua ni pembe ngapi au majora mangapi yalipita Mombasa. Alitaka jumla ya fedha, basi. Hesabu ya undani ilibaki kwa yule mwenye maslahi nayo, na aliyetaka kuihakikisha kutoka Unguja alingoja jahazi, na jahazi lilizingoja pepo za musimu.

Mwaka 1888 Kampuni ya Imperial British East Africa ilichukua usimamizi wa pwani kwa mkataba na Sultani, na mwaka 1895 Uingereza ikatangaza himaya yake. Hapo forodha ikawa idara ya serikali, na daftari likatoka katika milki ya tajiri.

Reli na idara moja, 1896 hadi 1976

Ujenzi wa reli ulianza Kilindini mwaka 1896, ukavuka Makupa na kupita Changamwe, na mwishoni mwa 1901 reli ikafika ufukoni mwa ziwa, mahali paitwapo Kisumu leo. Toka siku hiyo shehena ilikwenda mbali kuliko jicho la karani wa forodha. Habari moja ilipaswa kuwa mahali pawili kwa pamoja: Mombasa iliyoutoa mzigo, na mwisho wa reli ulioungoja. Simu ya waya iliyokwenda sambamba na reli ilichukua mukhtasari wa habari, na karatasi zenyewe zikafuata ndani ya behewa.

Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, Tanganyika ikajiunga kikamilifu mwaka 1927, na mwaka 1949 ikawapo idara moja ya forodha kwa nchi zote tatu. Katika muda huo gati za kwanza za maji marefu zilifunguliwa Kilindini, mwaka 1926, na shughuli ya bandari ikahama polepole kutoka bandari ya kale ya majahazi kuelekea upande wa magharibi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967 ulileta mashirika ya pamoja, na Shirika la Bandari likawekewa makao yake Dar es Salaam mwaka 1969.

Idara moja ilikuwa na faida ambayo waliofuata walikuja kuililia: fomu moja, mpangilio mmoja wa safu, muhuri mmoja uliotambulikana Mombasa, Kampala na Dar es Salaam. Karani aliandika mara moja, na karatasi za kaboni zikatoa nakala za wote waliozihitaji. Msomaji na aitafakari kaboni kidogo. Nakala zote zilizaliwa kwa pigo moja la mkono mmoja, kwa hiyo hazikuweza kuhitilafiana siku ya kuzaliwa kwake. Hitilafu ilianza baadaye, pale mtu mmoja aliporekebisha uzito au idadi katika nakala yake na asiwaambie wenziwe. Katika miaka yote iliyofuata, pamoja na mitambo yote iliyonunuliwa, mashaka ya kunakili yamekuwa ni hayo hayo: kuandika ni kwepesi, kurekebisha ndiko kuzito.

Kuvunjika kwa Jumuiya, 1977

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na nchi tatu zikawa kama ndugu waliogawana nyumba ya urithi, kila mmoja akajenga ukuta katikati ya sebule. Kenya iliunda Halmashauri yake ya Bandari, KPA, mwezi Januari 1978. Mpaka wa Tanzania ulifungwa hadi 1983. Shehena ya Uganda, ambayo jana ilikuwa mali ya wenyeji, ikawa mali ya ugenini inayopita njia: iliandikwa Mombasa chini ya dhamana, ikaandikwa tena Malaba ilipotoka Kenya, na upande wa pili wa daraja ikaandikwa mara ya tatu, kana kwamba ndiyo kwanza imezaliwa.

Katika kila mwandiko palikuwa na mlango wa kosa, na palipo na mlango wa kosa hapakosi mlango wa hila. Mzigo ulioandikwa Mombasa kuwa ni wa Kampala uliweza kushushwa njiani na kuuzwa Kenya pasipo ushuru, maadamu karatasi ya Malaba iligongwa muhuri. Kwani Mombasa haikuweza kujua kwa haraka kama kilichoandikwa Malaba ndicho kilichotoka kwake. Serikali ilijikinga kwa kudai dhamana kubwa za fedha, na dhamana hizo zikawa mzigo juu ya mzigo kwa wafanyabiashara waaminifu. Gharama ya biashara ya bara, naamini, ilitokana na hifadhi mbili zisizosemezana sawa na ilivyotokana na barabara mbovu.

Wakati huo huo makontena yalikuwa yameanza kuingia Kilindini, na mwaka 1984 ikafunguliwa bohari ya nchi kavu Embakasi, Nairobi. Mapokeo ya kazi yakabadilika. Gunia la mchele karani aliliona na kulihesabu kwa macho. Kontena lililofungwa halionyeshi tumbo lake. Karatasi, iliyokuwa shahidi wa mzigo, ikawa ndiyo mzigo wenyewe machoni pa dola.

Kompyuta za kila mtu na yake, 1989 hadi 2004

Huko Marekani, mwaka 1970, Edgar Codd wa kampuni ya IBM alitoa maandishi yaliyoonyesha kwamba habari za biashara zaweza kupangwa katika majedwali yanayounganishwa kwa nambari za utambulisho, na elimu hiyo ndiyo iliyozaa hifadhidata takriban zote za kibiashara. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa, kwa idara yake ya biashara na maendeleo iliyoko Geneva, ulianza kutengeneza mfumo wa forodha uitwao ASYCUDA kwa ombi la nchi za Afrika Magharibi, na mfumo huo baadaye ukatumiwa na Uganda, Rwanda, Burundi, na Kongo kwa jina lake la Kifaransa la Sydonia. Kenya ilishika njia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 forodha yake iliingiza mfumo ulioitwa BOFFIN, na mwaka 1995 idara za kodi zikakusanywa chini ya Mamlaka ya Mapato, KRA.

Kila taasisi ilipata kompyuta, na kila kompyuta ilikuwa kisiwa. Kilichoziunganisha ni miguu ya wakala wa forodha. Mawakala na vijana wao, waliotoka Kisauni kwa matatu na waliovuka feri ya Likoni alfajiri, walibeba fomu ya C63 kutoka ofisi ya mwenye meli hadi benki, kutoka benki hadi ukumbi wa forodha, kutoka forodha hadi bandarini kuitafuta hati ya kutolea mzigo iliyojulikana kwa jina la MPRO. Na kila dirisha walilofika, karani alichapa upya katika mashine yake yale ambayo mwenziwe amekwisha kuyachapa katika mashine nyingine. Uzoefu wa watu hao unastahili heshima. Ndio waliokuwa wakigundua kwamba uzito wa hati moja haulingani na uzito wa nyingine, na ndio waliorudi kuomba usawazishwe.

Simba na KWATOS, 2005 hadi 2008

Mwaka 2005 Umoja wa Forodha wa Jumuiya iliyofufuliwa ulianza kazi, na mwaka huo huo KRA ikaanzisha mfumo uitwao Simba, uliotokana na mfumo wa forodha wa Senegal. Mwaka 2008 KPA nayo ikaanzisha KWATOS, mfumo wa kuendeshea gati na makontena, wenye asili yake Korea Kusini. Baadaye Tanzania ilipata mfumo wake wa TANCIS, nao kutoka Korea, na dirisha moja la biashara la Kenya, tutakaloliona mbele, likajengwa na kampuni ya Singapore. Kontena lililolala Kipevu likawa limeandikwa kwa hekima ya Dakar, ya Busan, ya Singapore na ya Geneva, na watu wa Mombasa ndio waliopaswa kuzipatanisha.

Mapatano hayo yana njia zake. Iliyo rahisi kuliko zote ni kutoa faili zima la habari kila baada ya muda, aghalabu usiku, na kulipakia katika mfumo wa pili. Lakini nakala hiyo huwa kweli ya jana. Njia ya pili ni mfumo mmoja kuutumia mwingine ujumbe kila jambo linapotokea, kwa mpangilio waliokubaliana. Bandari za dunia zilikwisha kuwa na lugha ya namna hiyo, kanuni za EDIFACT zilizotolewa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 1987: kuna ujumbe wa orodha ya shehena kwa forodha, CUSCAR, ujumbe wa mpangilio wa makontena melini, BAPLIE, na ujumbe wa kontena kuingia au kutoka getini, CODECO. Njia ya tatu, iliyo laini zaidi, ni kuisoma kumbukumbu ambayo kila hifadhidata huiandika kwa ajili yake yenyewe, mstari kwa mstari, kila inapobadilika, na kuipeleka mistari hiyo upande wa pili kwa mfuatano ule ule. Mfuatano ni sharti. Ujumbe wa kufuta kizuizi ukitangulia ujumbe wa kukiweka, mzigo utazuiliwa milele na hapana atakayejua sababu.

Lakini njia yoyote ile hutaka kwanza jibu la swali moja: mstari huu wa daftari langu ndio mstari upi wa daftari lako? Kwa kontena jibu lipo, na ni zuri. Kwa kanuni ya kimataifa, nambari ya kontena ina herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu ya saba inayopatikana kwa hesabu kutokana na zile zilizotangulia, hata karani akikosea kuchapa herufi au tarakimu moja, mashine aghalabu humkatalia papo hapo. Jina la mwenye mali halina mlinzi wa namna hiyo. Mohamed, Mohammed na Muhammad wanaweza kuwa mtu mmoja mwenye duka Mwembe Tayari, au watu watatu wasiojuana; mfumo unaolinganisha majina utamtenganisha aliye mmoja, au utawachanganya walio watatu. Ndiyo sababu nambari ya mlipa kodi na nambari ya hati ya shehena zikawa na thamani kubwa, na ndiyo sababu herufi moja iliyorukwa katika hati ya shehena iliweza kulizuia kontena zima.

Athari zilionekana Changamwe kuliko mahali pengine popote. Ili kupunguza msongamano wa gati, makontena yalipelekwa katika bohari za watu binafsi zilizoenea kutoka Changamwe kuelekea Mikindani, Jomvu na Miritini, na kila bohari ikawa na hifadhi yake. Forodha ilipotoa idhini katika Simba, idhini hiyo ilibidi ifike KWATOS, na kutoka hapo, kwa mtambo au kwa karatasi, ifike boharini. Simba iliposimama, na ilisimama mara nyingi katika miaka hiyo, mtu aliyekwisha kulipa ushuru wake wote alikuwa katika daftari la geti mtu asiyelipa. Lori likangoja, na dereva akalala chini yake.

Waya wa baharini na RADDEx

Kabla ya 2009 mawasiliano ya Kenya na ng'ambo yalitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na mwendo wa pole. Mwaka huo waya wa TEAMS, uliotandazwa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulitua Mombasa, na SEACOM ukafunguliwa mwezi Julai. Baadaye zikaja nyingine, ukiwamo PEACE uliofika ufuo wa Nyali, upande wa bara ya kaskazini, mwaka 2022. Njia ile ile ya bahari iliyoleta hati za Unguja ikawa inapitisha ujumbe kwa sehemu ya nukta.

Karibu na wakati huo mamlaka za mapato za Afrika Mashariki, kwa msaada wa Marekani, zilianza kutumia RADDEx, mtambo wa kupashana habari za forodha, na Malaba ikawa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Habari za shehena ipitayo, zikiisha kuidhinishwa Mombasa, ziliupita mpaka kabla ya lori lenyewe, na karani wa Uganda aliziona kabla dereva hajazima gari. Simba na ASYCUDA hazikulazimishwa kuwa kitu kimoja. Kila mmoja ulibaki na majedwali yake, na mtambo wa katikati ukafasiri. Hiyo ilikuwa busara, kwani taifa haliachi daftari lake la mapato kwa kuombwa. Hata hivyo RADDEx ilipeleka nakala tu. Asili ilibaki Mombasa, na Uganda iliandika tamko lake la pili la forodha kama zamani.

Asili yahamia Kampala, 2013 na 2014

Badiliko kubwa kuliko yote halikuwa la kifundi. Mwaka 2013 wakuu wa Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana kuanzisha Himaya Moja ya Forodha, na mwaka 2014 ikaanza kutekelezwa kwa mapana. Kwa utaratibu huo mwenye mzigo wa Uganda hutoa tamko katika mfumo wa Uganda na kulipa kodi kwa Uganda hali kontena lingali Mombasa. Uganda ikiridhika, ujumbe hutumwa katika mfumo wa Kenya, forodha ya Kenya hutoa idhini ya kutoka, na bandari hulifungulia geti. Maofisa wa Uganda na Rwanda waliletwa kukaa Mombasa. Safari ya mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala, iliyokuwa ikihesabiwa kuwa ya siku 18, ilitangazwa kushuka hadi 4.

Tuzingatie kilichotendeka. Kwa zaidi ya karne, karani wa Mombasa ndiye aliyeandika asili na wengine wakanakili. Sasa, kwa mzigo wa Uganda, asili iliandikwa Kampala, na Mombasa ikashika nakala na kuitii. Nchi iliyo na bandari ilikubali kufungua geti lake kwa neno lililoandikwa katika daftari la jirani. Hapo ndipo ukuta wa 1977 ulipobomoka kwa hakika, si katika hotuba za sherehe. Mawakala wengi wa Mombasa walihofia riziki zao, kwa kuwa tamko sasa liliweza kuandikwa Kampala, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Penye badiliko la mshika daftari, daima kuna anayepoteza dirisha.

Ndani ya Kenya, KenTrade, shirika lililoundwa mwaka 2011, lilianzisha dirisha moja la biashara ili vibali vya viwango, afya, mimea na vinginevyo viombwe mahali pamoja. Mwaka 2014 bandari ilivuka kiasi cha makontena milioni 1 kwa mwaka, kwa kipimo cha futi 20, wingi ambao miguu ya mawakala isingeuweza tena.

Tangu 2017

Yaliyofuata yalikuja kwa haraka. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda ziliunganisha ufuatiliaji wa shehena kwa kufuli za kielektroniki, na reli mpya ikaanza safari kutoka Miritini. KRA iliiweka iCMS mahali pa Simba kwa awamu kuanzia 2018, na mwaka 2022 dirisha moja likapewa sheria yake na mfumo mpya. Kila badiliko lilitaka minyororo ya kunakili ifungwe upya, na katika kila mpito wafanyabiashara walilalama juu ya mizigo iliyokwama kati ya mfumo uliokuwa ukiondoka na ule uliokuwa ukiingia.

Hukumu yangu juu ya historia hii ni kwamba bandari yetu imenunua mitambo kwa bidii kuliko ilivyowahi kuandika mamlaka. Palipofanikiwa, kama 1949 na 2014, palikuwa na makubaliano ya wazi kuhusu nani anaandika asili. Palipokwama, kila taasisi ilijiona ndiyo asili. Kwa hiyo nawasihi KPA, KRA, KenTrade na majirani zetu waandike pamoja, kwa lugha ambayo wakala wa Changamwe ataisoma na kuidai: uzito wa kontena unarekebishwa na nani, jina la mwenye mali linarekebishwa na nani, kizuizi kinaondolewa na nani, na wengine wote wanapaswa kulipata rekebisho hilo kwa muda gani. Orodha hiyo ibandikwe katika kila ukumbi wa forodha kabla ya mfumo mwingine kununuliwa.